Waliokatwa na Waliozaliwa Hivyo

Ninyi mliokalia kiti changu kwenye biro ya fishi, ofisi ya kadi za wagonjwa hospitalini, mliniomba, siku ile ya kuniaga, niwaandikie jinsi nilivyoifanya kazi. Nadhani mlisema kwa adabu tu, kwa kuwa soda zilikuwa zimekwisha na mtu alipaswa kusema neno. Lakini mimi nimezoea kujibu ninachoulizwa. Basi nimekaa hapa nyumbani Bunia, kartie Lumumba, miguu ndani ya beseni la maji ya moto kwa ajili ya goti, na ninaandika.

Sitaandika juu ya vyeo, maana sikupata vya kusimulia, wala juu ya mshahara, maana mtalia. Malaria, kuhara na uzazi wa kupasuliwa mtajifunza wenyewe kabla mwezi haujaisha, kwa sababu vinakuja kila siku. Nitaandika juu ya masikio, hasa ya watoto wanaozaliwa na sikio lisilokamilika. Ni wachache, na kwa kuwa ni wachache watu huwaandika vibaya bila mtu wa kuwasahihisha.

Nilianza nikiwa msichana, nimetoka Mahagi na diploma ya sekondari na viatu vya kuazima. Biro ya fishi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama jiko la wagonjwa, kwa hiyo karatasi zetu zote zilinukia moshi na maharage. Fishi wakati ule ilikuwa kadi ngumu ya mgonjwa: jina, umri, kijiji, kilichomleta, alichoonekana nacho, alichopewa. Kazi yetu ilikuwa kuyachukua maneno ya daktari na ya mgonjwa, kuyapanga, kisha kutafuta kode, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa, ili mtu wa Kinshasa au wa nchi nyingine asome na aelewe bila kutujua sisi.

Aliyenifundisha ni muzee Anselme. Alikuwa muuguzi mpaka mikono yake ilipoanza kutetemeka, ndipo wakamleta kwenye karatasi, mahali ambapo mkono unaotetemeka unaharibu wino tu. Alikuwa mtu wa maneno machache na karanga nyingi. Mpaka leo mkifungua masanduku ya zamani mtakuta maganda ya karanga katikati ya fishi, na msidhani ni panya.

Wiki yangu ya kwanza ililetwa fishi ya mtoto mchanga kutoka maternite, wodi ya wazazi. Muuguzi alikuwa ameandika: sikio la kuume, hakuna. Nikatafuta kode ya mtoto asiye na sikio, nikaiandika kwa mwandiko mzuri, nikampelekea muzee nikingoja sifa.

"Ulimuona?" akaniuliza.

"Hapana, muzee."

"Sasa weye ulijua namna gani? Twende."

Kule maternite hakuenda moja kwa moja kwenye sikio. Alimsalimu mama, akauliza jina la mtoto, akasifu uzito wake, halafu ndipo akaomba ruhusa. Mama akafunua kitambaa. Pale nilipotarajia ngozi tupu palikuwa na kitu kidogo laini kilichojikunja, na chini yake ndewe iliyotazama mbele.

"Hii ni nini?" muzee akaniuliza.

"Kinyama, muzee."

"Ni sikio. Iko kidogo, lakini ni sikio. Weye uliandika kile haiko. Andika kile iko."

Mama yule alikuwa hajamwangalia mtu tangu azae. Aliposikia neno lile akainua uso akamtazama muzee Anselme, akauliza kama ni kweli mtoto wake ana sikio. Muzee akamwambia ni kweli. Tuliporudi akanifungulia kitabu cha kode na kunionyesha sehemu ya herufi Q, ya watu waliozaliwa na jambo lao. Kama hakuna sikio kabisa, ni Q16.0. Kama lipo lakini ni dogo na halikukunjuka, Q17.2. Kama tundu limeziba, Q16.1, na tundu ni lazima uliulizie, maana daktari mwenye haraka huandika kinachoonekana kwa nje na kusahau mlango. Kama ni kichipukizi cha nyama mbele ya sikio zima, Q17.0, na hapo mpe mama pole ndogo tu, usimtishe. Akanifundisha pia kwamba tumboni sikio na figo hujengwa karibu wakati mmoja, kwa hiyo mtoto akiwa na dalili nyingine, mkumbushe daktari atazame figo kwa ekografia, ile mashine ya kuona ndani ya tumbo.

Kode zetu hazijui kuume na kushoto. Hilo mliandike kwa mkono, na muandike kuume kwa mgonjwa, si kuume kwenu ninyi mnaomtazama usoni. Nimewahi kushika fishi yenye sikio bovu kushoto Jumatatu na kuume Alhamisi, na mtoto alikuwa yule yule, hakuwa amegeuzwa.

Kilichonichukua miaka kujifunza ni kuuliza. Familia haziji na ukweli mkononi. Nimeandikiwa panya aliyekula sikio, makaa ya moto, kaka aliyeuma mdogo wake, mlango wa gari. Sababu ni moja. Ukisema mtoto alizaliwa hivyo, mama mkwe anauliza mke huyu alimcheka kilema gani akiwa na mimba, na maswali yakianza hayaishi mpaka mtu arudishwe kwao. Tunasema mficha maradhi kilio humuumbua, na ni kweli, lakini sijawahi kumwambia mama yeyote hivyo usoni. Msimuulize ulifanya nini. Muulizeni nani alimuona mtoto kwanza, na alisema nini. Hapo maneno hutoka yenyewe.

Kisha vita vikaja. Ninyi wengine mlikuwa migongoni mwa mama zenu, wengine hamkuwa mmezaliwa, na walio wa jimbo letu la Ituri hawahitaji niwaeleze nani na nani. Mimi ni Mwalur wa Mahagi, pande zote mbili ziliniona kama mgeni asiye na maana, na hiyo ndiyo iliyoniokoa. Siku moja muzee Anselme alifungua kitabu kwenye herufi S, ya walioumizwa, ukurasa ambao mpaka wakati ule ulikuwa safi kama ulivyotoka kiwandani. Akaweka kidole kwenye S08.1, sikio lililokatwa. Nilijifunza kazi ile kwa kumtazama: kovu gumu, ukingo ulionyooka, tundu limebaki wazi katikati. Baada ya miezi ukurasa ule ukawa mweusi kwa vidole vyetu. Sitawaeleza zaidi. Muzee Anselme alikufa kabla amani haijarudi, kwa moyo, kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu, jambo ambalo miaka ile tuliliita bahati. Nililia kama nimefiwa na baba.

Vita vilituachia tabia moja ambayo sijaisikia mahali pengine. Huko kwingine mtu akimuona mtoto mwenye sikio dogo anauliza kulikoni. Bunia hatuulizi. Mtu asiye na sikio akipita sokoni, tunamtazama mara moja, tunashusha macho, tunampunguzia bei. Kila mmoja anadhani amekwisha kujua. Sasa niwaambie juu ya msichana nitakayemuita Dorcas, ingawa si jina lake.

Ilikuwa miaka michache kabla sijatoka kazini. Kule Djugu mambo yalikuwa yameharibika tena, na kambi za waliokimbia zilikuwa zimejaa pembeni ya mji. Ikaja timu ya madaktari kutoka nje. Wangefanya kazi wiki nzima na kuondoka Jumamosi. Walikuwa na meza mbili. Meza ya kwanza ilikuwa ya wapasuaji, kwa watu waliokatwa na silaha: wangewashonea midomo, vidole, masikio. Meza ya pili ilikuwa ya watoto waliozaliwa na masikio yaliyoziba. Hao wangepewa mkanda wa kuvaa kichwani, wenye kidude kinachogusa mfupa nyuma ya sikio, na mfupa unaipeleka sauti ndani bila kupita tunduni. Mikanda ilikuwa michache. Kila mtoto ilibidi apimwe kwanza, ijulikane kama ndani kunasikia. Na mimi nilikaa mlangoni nikiuliza maswali na kuandika nani aende meza ipi.

Dorcas, wa kambi mojawapo, alikuwa na miaka kama kumi na miwili, kitambaa kichwani, na alitazama mdomo wangu wakati wote nikiongea. Mama yake alisimama nyuma yake. Nikauliza jambo lile lilifika namna gani. Mtoto ndiye aliyejibu.

"Balinikata na panga. Nilikuwa ningali kichanga mu mugongo ya mama. Balitufikia tukikimbia."

Aliyasema kama mtoto anayejibu katekisimu, bila kukosea neno. Kisha akaongeza, kwa sauti ile ile, "Nabajua ni ba nani. Nikikomaa nitarudi kule."

Nikaomba ruhusa, akafungua kitambaa. Upande wa kuume palikuwa na sikio dogo lililojikunja, ngozi laini, hakuna kovu, hakuna tundu. Sikio la kushoto lilionekana zima, lakini tundu lake lilikuwa jembamba mno hata kijiti cha pamba kisingepita. Nikamuuliza mama habari ya shule. Akasema mtoto anarudia darasa, mwalimu anamuita sikio la kufa, kwamba hasikii dawa. Mtoto alikuwa haambiwi kitu akakisikia, na shule nzima ilidhani ni ukaidi.

Nikamuita dokta Esperance, daktari wetu kijana, mpole na mwenye macho makali. Alitazama kwa makini, akapapasa, akanigeukia akaniambia kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, ili mtoto asielewe, kwamba hapa hakuna panga lililopita, na kwamba mtoto apimwe leo leo, kwa sababu akifaa mkanda utambadilishia maisha. Nami nilikuwa nimekwisha kuona. Mama hakujua Kifaransa, ila alituelewa. Akanishika mkono, akaniita kama wote pale walivyoniita.

"Mama Fishi, uandike balimukata. Nakuomba."

Nikasema tupime kwanza. Hapo ndipo jambo lilipoharibika.

Aliyepima masikio katika hospitali yetu alikuwa mmoja tu, muuguzi Bahati. Ni kijana mtaratibu, ananyoosha blauzi yake, koti jeupe la kazi, mwenyewe kwa pasi ya makaa, na kifuani huvaa kibandiko chenye majina yake yote. Jina lake la ukoo silitaji, mnalijua, nanyi mnajua linatoka upande gani wa Djugu. Alimkalisha Dorcas kwenye kiti, akatoa diapazoni, ule uma wa chuma unaolia ukigongwa, akainama. Mtoto alikuwa amezoea kusoma, maana masikio hayakumsaidia. Akasoma kibandiko.

Aliruka mpaka kiti kikaanguka. "Weye ni wa bale! Usiniguse! Mulinikata!"

Foleni nzima iligeuka kutazama. Bahati aliufunga uma wake ndani ya kitambaa, akauweka mezani, akatoka akasimama karibu na tangi la maji. Nilipomfuata nilimkuta anatazama chini. Amewahi kutukanwa na watu wazima, hilo lilimpita. Hili halikumpita.

"Mama Fishi," akasema, "uniambie kweli. Ni siye tulimukata ule mutoto?"

Mnajua sheria: habari ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu ambalo lingempa kijana yule pumzi, na sikuweza kulitoa. Nikamwambia angoje. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imegusa mtu.

Nikamwingiza mama bironi kwangu, nikafunga mlango, mtoto akabaki na dokta Esperance. Sikumuuliza kwa nini. Nilimuuliza nani alimuona Dorcas kwanza alipozaliwa.

Akasema, "Mama ya bwana yangu. Alisema, hii ni kitu gani umetuletea."

Akanieleza. Mkwe alimsema tangu siku ile, lakini mume wake alimtetea. Mume alikuwa akimbeba mtoto mwenyewe sokoni, sikio nje, watu waone. Kisha kijiji kilishambuliwa. Mume alirudi nyuma kumtafuta mama yake, hakuonekana tena. Yeye alitembea na mtoto mgongoni mpaka akafika mahali watu walipokimbilia. Mwanamke mmoja wa pale alimuona mtoto akasema, haa, hata huyu wamemkata?

"Sikusema bongo, Mama Fishi, sikudanganya mutu. Nilinyamaza tu. Balinipa sukari, balinipa kitenge, balinipa fasi ya kulala. Hakuna mutu aliniuliza nilimucheka nani. Kisha mutoto akakomaa akaisikia mu midomo ya batu. Ningesema nini?"

Nilikasirika, na siwafichi. Nilikuwa nimeandika masikio yaliyokatwa kweli, moja moja, na wenyewe wengine hawapo tena. Nikamwambia, "Mama, bale batu biko na makosa yabo ya kutosha. Usibaongezee."

Akanitazama kwa macho makavu. "Balimuua baba yake. Nilitafuta mwili, sikuiona. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyeulizwa. Sasa na hii sikio baibebe."

Hasira yangu ikaondoka. Nilimwonea huruma. Lakini nilijua pia kwamba nikiandika S, mtoto atakwenda meza ya kwanza, atashonewa sikio la kutazama, na hakuna atakayejua kama ndani kunasikia. Timu itaondoka Jumamosi na mikanda yake. Nikamweleza hivyo, neno kwa neno. Nikamwambia na jambo la pili: "Mutoto anasema akikomaa atarudi kule. Umemusikia."

"Nimemusikia kila siku."

"Akirudi kule, ni juu ya sikio ambayo hakuna mutu alikata."

Akafunika uso kwa kitenge. Kutoka ndani ya kitenge akasema, "Nikimuambia, ataniita mama ya bongo."

"Pengine," nikasema. Sikuwa na faraja ya kumpa, na faraja ya uongo hunishinda kuitoa.

Akaondoka na mtoto wake bila kuaga. Nafasi ya kode niliiacha tupu. Usiku ule sikumuomba Mungu amfanye aseme kweli, nilimuomba tu asije akahama kambi.

Asubuhi nilimkuta ameketi kwenye benchi langu kabla sijafungua mlango, Dorcas kando yake. Akaniomba nimuite Bahati. "Naye asikie," akasema. Nikamuita, na dokta Esperance akaja pia, akasimama nyuma. Bahati alibaki mbali, mikono mifukoni, ili asimtishe mtoto.

Mama akamgeuza Dorcas wamtazamane uso kwa uso, mtoto aone mdomo wake. Akaongea polepole. Akamwambia kwamba hakuna aliyemkata. Alizaliwa hivyo. Baba yake alimpenda hivyo hivyo, alimtembeza sokoni sikio nje. Watu walisema panga, naye alinyamaza kwa sababu aliogopa kusemwa, na kwa sababu alikuwa amechoka sana.

Dorcas aliweka mkono kwenye kile kisikio kidogo, juu ya kitambaa. Hakulia. Kisha akauliza, kwa sauti kubwa isiyojua ukubwa wake:

"Na papa? Naye alizaliwa hivyo? Naye hakuna mutu alimuua?"

Mama akamshika mabega. "Hapana. Papa balimuua. Ile ni kweli. Ile naapa."

Mtoto akamgeukia Bahati. "Ni weye?"

Nilitaka kuingilia kati. Dokta Esperance akanigusa bega ninyamaze. Bahati akatoa mikono mifukoni, akachuchumaa mbali pale pale ili mtoto auone mdomo wake.

"Hapana. Ile wakati nilikuwa muvulana, siye naye tulikuwa tunakimbia. Lakini bale balimuua banaongea luga yangu. Ile sina namna ya kuikataa." Akaongeza: "Pole, Dorcas. Pole ya papa yako."

Sijui mtoto aliona nini kwenye uso wake. Alimtazama muda mrefu. Mwisho aliinuka, akaenda mwenyewe mpaka kwenye kile kiti, akakaa, akavua kitambaa.

Bahati aliugonga uma kwenye goti lake, akaweka shina lake kwenye mfupa nyuma ya sikio dogo. Dorcas akashtuka, akaushika mkono wake. Nilidhani anamsukuma. Alikuwa anaukandamiza zaidi.

"Inalia mu kichwa," akasema. "Mama, inalia mu kichwa yangu."

Bahati akageuka upande wa dirisha akifuta miwani, na alikuwa hajavaa miwani siku ile, aliifuta ile ya dokta Esperance iliyokuwa mezani. Vipimo vingine vilikwenda vizuri. Ndani kulikuwa kunasikia. Ijumaa alivalishwa mkanda, na jambo la kwanza alilomwambia mama yake ni kumuuliza kwa nini yule Mama Fishi anapiga kelele. Ni kweli, nilikuwa nimemwongelesha kwa kupayuka tangu siku ya kwanza. Nikaomba radhi kwa kunong'ona, akacheka, na ndiyo mara pekee niliyomuona akicheka.

Siku hiyo hiyo nilimalizia fishi yake. Nikaandika Q17.2, kuume. Q16.1, kuume. Chini yake nikaandika tundu jembamba, kushoto. Alisimama mbele ya meza yangu akisoma maandishi kichwa chini miguu juu.

"Hapa uliandika nini?"

"Kwamba ulizaliwa hivyo."

Akafikiri. "Ni kweli," akasema. Halafu: "Andika na papa."

Nikamweleza kwamba fishi ni yake yeye, kwamba baba hakuwahi kufika kwenye hospitali yetu, na kwamba sisi tunaandika wagonjwa tu. Nilikuwa sahihi kabisa, na nilijisikia vibaya kadiri nilivyoendelea kuwa sahihi.

"Kama munaandika ukweli ya sikio," akasema, "muandike na ukweli ya papa."

Mnakijua kile kistari cha chini, cha habari za familia. Tunauliza kisukari, kifua kikuu, wazazi kama wako hai. Kwa baba aliyekwisha kufa tunaweka msalaba mdogo, basi, na nimeichora misalaba ile mingi kuliko padri. Nikachukua kalamu nikamuuliza jina la baba yake. Akalisema lote, majina yote matatu, la ubatizo likiwa mwisho. Nikaliandika. Mbele yake nikaandika: aliuawa kijijini kwake, mwili haukuonekana. Nikageuza fishi ili asome. Alisoma akifuata kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali.

Mama yake alikuwa amesogea. Kusoma hajui. Akasema mumewe hana kaburi, na kanisa lao liliungua pamoja na daftari za ubatizo, jina lake halipo mahali popote.

"Iko wapi?" akamuuliza binti yake. "Nionyeshe."

Dorcas akachukua kidole cha mama yake, akakiweka juu ya mstari.

"Ni hapa, mama."